Meza ni yangu, Shangazi, na sijui nimwambie nani aondoke

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo nikiwaeleza ndugu zangu wananijibu, "Ugomvi wa mchezo tu huo." Kwangu si mchezo tu. Ni miaka sita ya maisha yangu.

Kila Jumamosi jioni tunakutana nyumbani kwangu, watu saba, mimi nikiwemo, kucheza michezo ya mezani. Tulianza na michezo ya ubao, ya kete na kadi. Baadaye tukahamia ile ya kuigiza wahusika: mmoja anakuwa msimulizi, anatunga ulimwengu na kutuelezea, sisi wengine kila mtu ana mhusika wake na karatasi yake, na dadu ndizo zinazoamua kama upanga wako umempata adui au umekata hewa. Hadithi moja inaweza kwenda mwaka mzima. Asiyecheza hawezi kuelewa jinsi unavyoweza kumpenda mtu kwa sababu tu mhusika wake alikufa akimkinga wa kwako.

Msimulizi wetu ndiye mkubwa wetu kwa umri. Nimwite Kaka Mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa sijui hata dadu ya pande 20 inasomwaje. Aliniazima vitabu vyake na mpaka leo hajavidai. Nilipofiwa na baba alikuja kukaa nami siku tatu. Hakuwa na maneno mengi. Alitoa karata, tukacheza kimya kimya mpaka usingizi ukanichukua.

Mwaka jana alijiunga binti mmoja. Familia yake ilikimbia vita akiwa mdogo, na ingawa anaongea vizuri kama sisi, lafudhi ya kwao bado inasikika. Begi lake lilikuwa na beji ndogo, haizidi ukucha wa kidole gumba, yenye maneno ya kutetea haki za wakimbizi. Siku yake ya pili tu Kaka Mkubwa aliiona akasema, tena kwa upole, "Hapa siasa huwa tunaziacha mlangoni." Binti akaigeuza beji ikatazama ndani. Nami nikashukuru kwamba yamekwisha bila maneno. Wiki ile ile nikaandika kwenye grupu letu la WhatsApp: kuanzia leo, siasa marufuku mezani. Wote wakaafiki.

Miezi ikapita. Uchaguzi ulipokaribia, habari za wahamiaji zikawa ndizo za asubuhi mpaka usiku. Mara katika hadithi yetu wakatokea vibwengo, jamii nzima iliyokimbia nchi yake ikapiga kambi nje ya mji. Vitabuni vibwengo huwa ni maadui, kwa hiyo hilo halikunishtua. Lakini hawa walikuwa wanaiba watoto na kuleta maradhi, na mkuu wa mji akatangaza dhahabu kwa kila kichwa tutakachomletea. Kisha Kaka Mkubwa akaanza kuwasemesha. Lafudhi aliyowapa ilikuwa ya binti. Haikuwa ya kubahatisha: ile r yake, ile namna ya kulivuta neno la mwisho. Wawili wakacheka. Mimi nilitabasamu. Nakwambia kweli, Shangazi, maana nimekuja kutafuta msaada. Nilitabasamu.

Binti hakusema kitu. Zamu yake ilipofika alirusha dadu, akasoma namba, akasema mhusika wake anabaki nyuma kulinda farasi. Halafu akaanza kuzirudisha dadu zake mfukoni, moja moja, taratibu, akafunga kamba ya mfuko, akasema kesho anaamka mapema. Leo ni wiki ya tano hajarudi. Kwenye hadithi tunasema mhusika wake ni mgonjwa, amelala kwenye nyumba ya wageni.

Nilimuuliza Kaka Mkubwa tukiwa wawili. Akasema ni kuigiza tu, vibwengo lazima waongee kwa namna fulani, na mtu akijiona yeye katika kibwengo, hilo ni lake. Akanirudishia na sheria yangu: "Wewe mwenyewe ulisema hakuna siasa. Sasa nani anazileta?"

Wiki iliyopita nikaingizwa kwenye grupu jingine. Vijana wetu watatu wamelifungua bila yeye. Mpango wao ni tuhamie Jumapili na asiambiwe mtu, ili aje Jumamosi akute mlango umefungwa, achoke mwenyewe. Tena wanataka na Bwana Kimya aondoke. Huyu ni mtu mpole, hajamkosea yeyote, siku ile wala hakucheka. Kosa lake ni kwamba wameona kwenye ukurasa wake anaunga mkono chama kile kile cha Kaka Mkubwa, kinachotaka wahamiaji wapunguzwe. Wanasema ukikaa meza moja na mtu wa namna hiyo umeshachagua upande.

Nimechoka, Shangazi. Nilitaka mahali pa kupumzikia dunia, na dunia imenifuata humo humo. Nikimwondoa Kaka Mkubwa nimemsaliti mtu aliyenifadhili. Nisipomwondoa, vijana wanaondoka. Bwana Kimya sijui nimwambie amekosa nini. Na hivi kweli haiwezekani watu wakacheza bila siasa?

Mwenye Meza


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nahesabu watu. Mko saba. Mtoe Kaka Mkubwa aliyekuwa akiongea. Mtoe binti. Jitoe wewe uliyetabasamu, na umtoe Bwana Kimya ambaye unasema hakucheka. Wanabaki watatu, na ndani ya hao watatu wawili walicheka. Na hao watatu ndio wenye grupu la siri. Kwa hiyo wawili katika wale wanaotaka meza isafishwe ndio walikuwa wakicheka siku binti anaigizwa.

Sikuambii hivi ili ukawaaibishe. Huenda wanajuta, na huenda majuto ndiyo yanayowafanya wawe wakali hivi. Lakini hesabu hiyo inageuza swali lako. Unaniuliza nani aondoke. Mtu aliyeondoka yupo tayari, ana wiki tano, na katika barua nzima sijaona mahali ulipompigia simu.

Nitarudi kwake. Kwanza sheria yako.

Uliiandika kwa nia njema, naamini. Ulitaka amani. Lakini iangalie ilimshika nani. Ilishika beji ya ukubwa wa ukucha. Kambi nzima ya wakimbizi wanaoiba watoto, yenye bei kwa kila kichwa, ikapita mbele yake bila kuguswa, kwa sababu ilikuja imevaa nguo za hadithi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: cha mgeni kinaonekana mara moja, cha mwenyeji kimezoeleka mpaka kinaitwa hali ya kawaida. Binti aligeuza beji yake, akatii. Kaka Mkubwa hakugeuza chochote, na sheria ikawa upande wake hata ulipomfuata kumuuliza. Sheria inayomlinda aliyeumiza na kumnyamazisha aliyeumizwa, ifute. Uwaambie wote kwamba umeifuta, na kwa nini.

Na kuhusu kucheza bila siasa. Mchezo wa Monopoly, ule wa kununua viwanja na kutoza kodi, chimbuko lake ni mchezo wa mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, aliyepewa hataza yake mwaka 1904. Aliuita Mchezo wa Mwenye Ardhi. Alikuwa mfuasi wa mawazo ya mwanauchumi Henry George, na alitaka wachezaji waone kwa macho yao jinsi mmiliki wa ardhi anavyonenepa kwa kodi na wapangaji wanavyokauka. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuza Monopoly, somo lile likiwa limeachwa nje, na ushindi ukawa ni kuwafilisi wenzako wote. Niambie, hapo siasa iliondoka, au iliingia nyingine ambayo hatuioni kwa kuwa tumeizoea?

Au chukua mchezo wa Puerto Rico wa mwaka 2002, ambao wapenzi wa michezo ya ubao waliusifu sana kwa ufundi wake. Ndani yake kuna vijiduara vya rangi ya kahawia vinavyoshuka melini na kupangwa kwenye mashamba ya miwa, kahawa na tumbaku. Kitabu cha kanuni kiliviita walowezi. Watu wengi walivipanga miaka nenda rudi bila kujiuliza vile vijiduara ni akina nani hasa, walikotoka, na kama walilipwa. Wengine walijiuliza tangu siku ya kwanza, kwa sababu waliwaona babu zao. Watu hao walikaa meza moja, wakatazama ubao mmoja, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa anapumzika.

Hiyo ndiyo hali ya meza yako. Wewe ulikuwa unapumzikia dunia pale. Binti alikuwa amebeba dunia hiyo hiyo mgongoni, na mlimwambia asiitue.

Sasa neno siasa liweke kando kidogo, limekuchanganya. Umelitumia kufunga mambo yasiyofanana katika kifurushi kimoja. Kuna mtu alivyo: kwao ni wapi, anaongeaje, amepita wapi. Hilo si hoja ya kujadiliwa na yeyote, na beji yake ilikuwa karibu sana na hapo. Kuna anachoamini mtu kuhusu nchi iendeshwe vipi. Hilo watu wanaweza kutofautiana na bado wakarusha dadu pamoja, ingawa si kila siku itakuwa rahisi. Halafu kuna anachomtendea mwenzake akiwa mezani kwako. Hili la mwisho ndilo lako, mwenye nyumba, hulikwepi. Kaka Mkubwa angekuwa na maoni yoyote anayotaka kuhusu mipaka na wahamiaji, nisingekuwa na la kukuambia leo. Alichofanya ni kumchukua mtu aliyeketi hatua mbili kutoka kwake, akamvua sauti, akaivisha kwa mnyama wa kuwindwa, kisha akawapa wenzake dhahabu ya kumuua.

Anasema kitabuni vibwengo ndivyo walivyo. Basi ajue hata wenye vitabu wamelitazama upya jambo hilo. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia kwa michezo yote ya namna yenu mwaka 1974, una viumbe kama orki ambao kwa miongo walielezwa kuwa waovu kwa kuzaliwa. Mwaka 2020 kampuni inayoutoa, Wizards of the Coast, ilikiri hadharani kwamba baadhi ya maelezo hayo yanafanana mno na jinsi makabila ya watu halisi yalivyodhalilishwa na yanavyoendelea kudhalilishwa. Kitabu kipya cha wachezaji cha mwaka 2024 kimeacha hata neno mbari, kinasema spishi. Wapo wachezaji waliokasirishwa na mabadiliko hayo, na wapo walioona yamechelewa. Mimi sina shida na vibwengo waovu. Hadithi inahitaji maadui. Lakini kitabu hakina sauti, mwanangu. Ile r haikuandikwa ukurasa wowote. Ilitoka kinywani mwake, na aliisikia kwa mtu mmoja tu.

Wala usikubali akuambie ni utani. Utani ni wa watu wawili wanaoweza kurudishiana. Msimulizi ndiye mwenye mvua na jua katika ule ulimwengu, ndiye anayesema mlango umefunguka au haukufunguka. Binti alikuwa mgeni, mdogo kwa umri, na anachezea ndani ya dunia aliyoitunga yule yule anayemwigiza. Angejibu nini? Alijibu kwa njia pekee iliyokuwa mikononi mwake: alimwondoa mhusika wake kwenye yale mauaji, kisha akajiondoa mwenyewe.

Labda utasikia ushauri wa kuweka kadi ya X. Ni kadi yenye herufi X inayowekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, jambo linaloendelea linakatwa bila kumdai maelezo. Aliibuni msimulizi wa michezo John Stavropoulos, na imewasaidia wengi. Iweke. Fanyeni pia kile wachezaji wanachokiita kikao sifuri, mkae kabla ya hadithi mpya kuanza mseme mnataka nini na nini hamkitaki. Ila usijidanganye kwamba kadi ingetosha usiku ule. Mgeni anayeigizwa na mkubwa wa meza, wenzake wakicheka na mwenyeji akitabasamu, mkono wake haufiki kwenye kadi. Kadi hufanya kazi pale ambapo watu wameshaona mwenyeji akisimama.

Kusimama huko ndiko nisikokuona kwenye barua yako. Mwaka 2021 kulikuwa na mashindano ya Warhammer, mchezo wa vita vya sanamu ndogo mezani, huko Hispania, mchezaji mmoja akaja amevaa alama za Kinazi. Waandaaji hawakumtoa. Kwa hiyo mzigo ukamwangukia kila aliyepangwa kucheza naye: ama akae mbele ya alama zile, ama akatae. Baada ya habari kuenea, Games Workshop, kampuni inayotengeneza mchezo huo, ikatoa tamko kwamba atakayeingia kwenye maduka au shughuli zake na alama za makundi ya chuki ataambiwa aondoke. Nakukumbusha kisa hicho kwa sababu ya wale wapinzani. Kazi ya mwenye nyumba iliachiwa mtu aliyekuwa amekuja kucheza. Nyumbani kwako iliachiwa binti.

Tuje kwa Kaka Mkubwa. Najua hapa ndipo panapokuuma, na zile siku tatu za msiba sizidharau hata kidogo. Mtu aliyekaa nawe ukiwa na baba yako kaburini si mtu wa kutupwa. Lakini fadhila zake ni deni lako wewe. Binti hakukopa kwake kitu. Ukimwacha aendelee kuumizwa ili wewe uonekane una shukrani, unalipa deni lako kwa mali ya mwingine.

Mfuate kwake, usimwite. Msalimie kama unavyomsalimia siku zote. Anza na kosa lako, sema ulitabasamu na linakusuta, maana ukianza na lake atakuona hakimu. Kisha mwambie ulichokisikia, kwa maneno machache: uliwapa vibwengo sauti ya binti, naye alikuwepo. Ataleta habari za uchaguzi, za nani anafuata chama gani. Usimfuate huko. Hamjadili sera za uhamiaji, mnajadili Jumamosi moja. Mwambie sauti ile isirudi, hadithi ya vichwa na dhahabu ikome, na kwamba anapaswa kumwomba binti radhi, radhi isiyo na "kama ulijisikia vibaya" ndani yake. Mwambie pia kwamba kwa miezi kadhaa mwingine atasimulia na yeye atakaa upande wa wachezaji. Hili la mwisho litamchoma kuliko yote. Naliona ni la haki, kwa sababu alikitumia kiti hicho kumuumizia mtu.

Akikubali, mpe nafasi ya kweli. Watu wazima huwa wanabadilika wakiambiwa na wanaowapenda. Akikataa, basi umwambie kwa kinywa chako, akikutazama, kwamba meza yako haitakuwa na kiti chake. Utalia. Lia, lakini useme.

Huo mpango wa Jumapili, ukatae leo. Mtu anayekuta mlango umefungwa hajaambiwa kosa lake. Hajifunzi kitu, na kesho atajihesabu mdhulumiwa, pengine kwa haki. Isitoshe, vijana wako wakizoea kuondoa watu kwa mtindo huo, watautumia tena kwa mwingine, kwa sababu ndogo zaidi. Ujibu humo humo kwenye grupu lao kwamba wewe huhamishi siku, utazungumza naye mwenyewe, na grupu lifungwe. Halafu wale wawili waliocheka uwachukue mmoja mmoja, uwaulize wanakumbuka nini kuhusu usiku ule. Ukishauliza, nyamaza, uwaache waseme.

Kwa Bwana Kimya nitakuwa wazi: sijaona kosa la kumwondoa. Mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, lilimfungia miezi sita mchezaji mahiri wa Urusi Sergey Karjakin kwa kauli zake za hadharani za kuunga mkono uvamizi wa Ukraine. Mchezaji mwingine wa nchi hiyo hiyo, Sergei Shipov, alishtakiwa pamoja naye, na hakutiwa hatiani, kwa kuwa maneno yake yalionekana hayana uchochezi wa kiasi kile. Unaweza kuikubali hukumu ile au kuipinga. Ninachokichukua mimi ni kwamba wawili walioonekana wa upande mmoja walipimwa kila mtu na maneno yake. Bwana Kimya naye apimwe na yake. Kutaka idadi ya wahamiaji ipunguzwe ni msimamo wa sera. Siuungi mkono, lakini unajadilika. Kusema wahamiaji ni vibwengo hakujadiliki. Kama amewahi kusema la pili, au chama chake kinawataka watu kama binti wasiwe watu, basi nimekosea na uniandikie tena.

Hata hivyo usimwache na ukimya wake. Hakucheka, sawa, lakini hakusema pia. Mwambie binti aliumizwa, umuulize yeye alionaje. Na uwe tayari kwa jambo moja ambalo sina jibu lake la mkato: binti anaweza kusema hawezi kuketi na mtu anayepigia kura chama kile, hata akiwa mpole namna gani. Ni haki yake kuhisi hivyo, maana ni maisha ya mama yake yanayopigiwa kura. Ikifika hapo huenda mtahitaji meza mbili, jioni mbili. Si aibu. Watu wazuri wengi hawawezi kucheza pamoja.

Sasa simu. Mpigie binti kabla hujaenda kwa Kaka Mkubwa, ili asije akasikia kwa watu kwamba jina lake linatajwa. Usianze na "umepotea sana", hakupotea. Sema uliona alichofanyiwa, ulitabasamu ulipopaswa kusimamisha mchezo, na sheria ile ya beji ilikuwa kosa lako. Mweleze unachokwenda kufanya, umuulize kama kuna asichotaka ukiseme. Usimwombe arudi. Ukimwomba unampa kazi ya kukuondolea hatia. Akinyamaza kwenye simu, usiujaze ule ukimya. Akisema hataki tena, mshukuru, umpelekee karatasi ya mhusika wake kama ameiacha kwako.

Na Jumamosi hii acheni kusema mhusika wake ni mgonjwa amelala nyumba ya wageni. Hakuugua. Alisema anabaki kulinda farasi, na hilo lilikuwa neno lake la mwisho katika hadithi yenu. Nyinyi ndio mliolibadilisha, bila kumuuliza. Mrudisheni pale alipojiweka: nje ya kambi, kamba za farasi mkononi, macho wazi. Kutoka hapo atasogea akitaka mwenyewe.

Shangazi